Kamati inataka seti nzima, mimi nataka haihati moja nzuri

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 24, napiga dramu kanisani kwetu Pasua, hapa Moshi. Dramu tulizipata kwa kanisa jingine lililonunua mpya. Ngoma zenyewe bado imara, tumebadilisha ngozi na zinalia vizuri. Shida ni matoazi. Haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali, imepinda ukingoni, ukikanyaga pedali haifungi sawasawa, inatoa "shhh" pale inapotakiwa kutoa "chik". Krashi ya inchi 16, toazi la kutoa kishindo, ina ufa wa urefu wa kidole unaoanzia ukingoni. Raidi ya inchi 20, toazi kubwa la kushikia mwendo, ni nzima, ila ni ya brasi na sauti yake imezubaa.

Vijana tumechanga, wazee wachache wakatuongezea, tumefikisha shilingi 1,200,000. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenyekiti wetu amepata duka Arusha lenye seti mpya ya brasi, haihati na krashi na raidi ndani ya boksi moja, kwa 780,000. Kaka mmoja anayepiga kwenye bendi hukohuko Arusha anauza matoazi yake ya mtumba, yote ya B20: haihati ya inchi 14 kwa 500,000 na raidi ya inchi 20 kwa 550,000. Krashi hana. Mpiga kinanda wetu naye anasema tuagize Nairobi seti mpya ya B8 kwa 1,150,000 tumalize kazi. Mwenyekiti hataki kusikia mtumba, na anasema matoazi ya kampuni tofauti hayakai kwenye dramu moja kwa sababu sauti zitagombana.

Juu ya hayo kuna mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana. Kila Jumapili sebene ikianza anainuka anakwenda kukaa nje. Anasema dramu zinampasua kichwa. Kanisa letu ni la tofali, sakafu ya saruji, juu ni mabati bila dari. Waimbaji nao wanasema hawajisikii.

Moyo wangu uko kwenye haihati ya yule kaka, lakini sina maneno ya kumjibu mwenyekiti. Je, hizi B8 na B20 zina tofauti kweli au ni majina tu? Na ule ufa wa krashi, fundi wa kuchomelea hapa mtaani anasema ataziba, nimpelekee? Mwisho, natamani sana chaina, lile toazi lenye ukingo uliogeuzwa juu, naona wapiga dramu wengi mtandaoni wanayo. Hela hii inaweza kufika huko?

Mpiga dramu wa Pasua, Moshi

*

Marahaba binti yangu,

Nunua ile haihati. Nakwambia mapema ili usisome yanayofuata roho ikiwa juu. Kuna masharti ya kuikagua, nitakupa, lakini moyo wako umekwenda mahali sahihi, na sababu utakazompa mwenyekiti ni hizi.

Anza na kazi ya kila toazi. Kwenye mapambio na sebene, krashi inaguswa wimbo unapoingia, unapogeuka na unapofunga. Raidi inapata zamu yake pale kiitikio kinapopanda. Haihati haipumziki. Inapigwa karibu kila pigo, mara imefungwa, mara imefunguliwa nusu, na hata mkono ukihamia kwenye raidi mguu wa kushoto unaendelea kuikanyaga kushika mwendo. Kamati inahesabu vipande vilivyomo kwenye boksi. Washirika walioko kwenye mabenchi wanasikia mapigo, na mapigo mengi kuliko yote ni ya haihati. Krashi mbovu inachafua sekunde mbili za wimbo, haihati mbovu inauchafua wimbo mzima, na ndiyo inayokuvunja moyo wewe unayekaa juu yake kila Jumapili.

Sasa hizo B8 na B20. Zina maana. Bronzi ya matoazi ni shaba iliyochanganywa na madini ya bati, na namba inataja asilimia ya hayo madini: B8 ina bati asilimia 8 na shaba 92, B20 ina bati asilimia 20 na shaba 80. Brasi ni mchanganyiko mwingine kabisa, shaba na zinki, na ile ya matoazi mara nyingi ni shaba 63 kwa zinki 37. Brasi ni rahisi kuifanyia kazi kiwandani, ndiyo maana seti nyingi za kujifunzia ni za brasi. Sauti yake imekaba, haifunguki, na ukiipiga kwa nguvu zaidi unapata kelele zaidi bila kupata utamu zaidi. Raidi yenu imekwisha kukuonyesha hilo.

B8 kwa kawaida hukatwa kutoka kwenye shiti lililonyooshwa, kwa hiyo vipande vinafanana sana. Inatoa sauti kali, angavu, inayokwenda moja kwa moja. B20 kwa kawaida kila toazi humiminwa peke yake, likapashwa moto, likasagwa kwa rola, likagongwa nyundo, kisha likachongwa mistari. Sauti yake ni pana, ina vitu vingi ndani kwa wakati mmoja, na hata matoazi mawili ya jina moja na ukubwa mmoja hayalii sawa kabisa. Ndiyo sababu B20 hainunuliwi kwa picha ya simu. Unasikiliza lilelile utakalolipia.

Kampuni ya Zildjian ilianzia Istanbul mwaka 1623 na leo iko Massachusetts, Marekani. Sabian ilianzishwa Kanada mwaka 1981 na Robert Zildjian wa familia hiyohiyo. Kampuni hizo mbili hutumia bronzi ya B20 kwenye matoazi yao ya daraja la juu. Meinl ya Ujerumani hutengenezea Uturuki matoazi yake ya Byzance, nayo ni B20. Lakini usimwambie mtu kwamba B20 lazima iishinde B8. Paiste ya Uswisi ina matoazi yanayoitwa 2002, yametoka tangu 1971, ni B8, na wapiga dramu wakubwa wa roki wamejenga jina nayo. Namba inakwambia sauti inaelekea wapi. Ubora unategemea pia kazi ya nyundo, unene, na mahali litakapopigiwa.

Kwa hiyo mpiga kinanda wenu hajasema vibaya. Ninachoona mimi ni paa lenu. B8 nyingi ni angavu, na kanisa lenu tayari linaongeza uangavu wenyewe bila kuombwa.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo lilipo jambo la mzee wenu. Saruji, tofali na mabati bila dari havinyonyi sauti za juu, vinazirudisha. Pigo moja la krashi linagonga paa, linashuka, linagonga sakafu, na kabla halijaisha umeshapiga la pili. Mzee anayeinuka hasumbuliwi na dini wala na ujana wenu, masikio yake yanaumizwa na sauti za juu zilizorundikana. Waimbaji nao wanapata pigo lilelile kwa njia nyingine: krashi inaingia kwenye maikrofoni zao, fundi mitambo anapandisha sauti zao ili wasikike, na krashi inapanda pamoja nao.

Dawa yake inaanzia kwenye unene. Wengi wanaogopa toazi jembamba wakidhani ni dhaifu. Toazi nene lina sauti ya juu zaidi, linataka kupigwa kwa nguvu ndipo lifunguke, na likifunguka linakaa hewani muda mrefu. Jembamba lina sauti ya chini, linafunguka kwa mguso, na linanyamaza mapema. Kanisani kwenu mnahitaji jembamba, hasa kwenye krashi. Ukienda kununua omba mizani ya duka la jirani. Krashi ya inchi 16 yenye uzito wa karibu kilo 1 ni nyembamba. Ikikaribia kilo 1.3 ni nzito, irudishe mahali pake hata kama imeng'arishwa inakuita. Raidi ya inchi 20 ya kilo 2 ni nyepesi, ya 2.4 ni ya kati, ya 2.8 waachie wenye majukwaa ya wazi.

Haihati ina utaratibu wake. Vipande viwili havilingani uzito: kwa kawaida cha juu ni chepesi, cha chini ni kizito, na hapo ndipo ile "chik" kavu inapotoka. Ukikuta cha juu ndicho kizito, muulize yule kaka kwa nini. Wapo wanaogeuza kwa makusudi, na wapo waliounganisha vipande viwili visivyotoka pamoja.

Siku ya kukagua, nenda mchana. Kila kipande kilaze kifudifudi juu ya meza ya kioo. Kikicheza upande mmoja, ukingo umepinda, na hilo ndilo tatizo mnalolikimbia. Zungusha ukucha taratibu ukingoni kote, utahisi kijufa kabla jicho halijakiona. Geuza upande wa ndani, inamisha kuelekea dirishani ili mwanga uingie kwa ubavu, na fuata ile mistari iliyochongwa, kwa sababu nyufa hupenda kujificha humo zikifuata duara. Angalia shina la nundu ya katikati. Angalia tundu: likiwa limeliwa upande mmoja halina mviringo tena, toazi limepigwa miaka bila plastiki ya kulikinga na chuma cha stendi. Halafu liinue kwa kidole karibu na sikio na uliguse kwa kijiti polepole kabisa. Toazi zima linaimba safi hata kwa mguso huo. Lenye ufa linakoroma.

Baada ya hapo zifunge kwenye stendi, ukae, ukanyage pedali bila vijiti. Ikitoa sauti iliyozibwa, kama hewa imenaswa katikati, usiikatae haraka. Chini ya kipande cha chini kuna skrubu ya kukiinamisha, kaza kidogo ili kingo zisikutane zote kwa mpigo, kanyaga tena. Mara nyingi "chik" inarudi hapohapo.

Kisha mwombe yule kaka mje nazo Moshi siku ya mazoezi, nauli yake juu yenu. Akikataa, mwekee dhamana. Mtu mwingine apige, wewe uende ukakae benchi la yule mzee, kwa sababu toazi linasikika tofauti kabisa kutoka kwenye kiti cha dramu na kutoka kwenye mabenchi. Usitegemee kurekodi kwa simu, simu inabana sauti za aina hii. Ukisikia kanisa likiwa tupu inavumilika, Jumapili itakuwa laini zaidi, kwani watu na nguo zao hunyonya sauti. Ningependa hata mzee mwenyewe aalikwe siku hiyo. Mpe heshima yake, muulize ipi inamuumiza zaidi, haihati au krashi. Naamini atasema krashi.

Kama ungependa sikio la pili siku ya kukagua, Chuo Kikuu cha Makumira pale Usa River kina idara ya muziki, na kiko njiani kwenda Arusha. Tafuta mwanafunzi mpiga dramu mfuatane naye.

Kuhusu woga wa mwenyekiti juu ya mtumba, sehemu moja ana haki: hizi ni fedha za watu. Andikeni karatasi ya mauziano, itaje kampuni, ukubwa na uzito wa kila kipande, kaka asaini, mweka hazina asaini, na pesa ipite kwenye simu ili ibaki kumbukumbu. Toazi la bronzi lisilo na ufa halizeeki kwa namna ya ngozi za ngoma, na wapo wanaoyatafuta ya zamani kwa makusudi.

Kuhusu kuchanganya kampuni, hapo hana haki. Seti za kwenye boksi zimepangwa ili mnunuzi asihangaike, ni jambo jema kwa anayeanza, lakini hakuna sheria ya muziki inayodai jina moja kwenye stendi zote. Wapiga dramu wengi wanachanganya. Kinachotakiwa ni sauti zipishane kwa ngazi: krashi iwe juu kidogo ya raidi, na haihati isimezwe na krashi. Hilo utalijua kwa sikio siku ya mazoezi.

Basi hesabu yangu ni hii. Laki tano haihati. Raidi yenu ya brasi ibaki kwa sasa, ni nzima na kazi yake ni ndogo. Fedha inayofuata iende kwenye krashi moja mpya ya bronzi, inchi 16, nyembamba. Ikiwa ya B8 nyembamba ni sawa, ikiwa ya B20 na mfuko unaruhusu ni bora zaidi. Toa humo pia fedha ya vitambaa vya kubana juu na chini ya toazi, plastiki za kwenye stendi, na mfuko wa kubebea. Kinachobaki kaeni nacho mkichangia raidi, na umwambie yule kaka mapema kwamba mnaitaka. Mtu wa bendi akijua toazi lake linakwenda mahali linapotunzwa huwa anasubiri. Seti ya 780,000 ingewapa vipande vitatu vipya vyenye sauti ileile ambayo raidi inakuchosha nayo leo.

Kuna mambo ya bei ndogo yatakayomrudisha mzee ndani kabla hata ya krashi mpya. Kama unatumia vijiti vya 5B, shuka hadi 7A, ni vyembamba na vyepesi, na chagua vyenye ncha ya mbao kwani ncha ya nailoni inaongeza uangavu. Tandika zulia chini ya dramu, tundika pazia zito ukutani nyuma yako. Sogeza dramu mbali na waimbaji kadiri nafasi inavyoruhusu. Matoazi yale yaliyotobolewa matundu mengi ya kupunguza sauti usihangaike nayo kwa ibada, yanafaa mazoezi ya nyumbani.

Ufa sasa. Usimpelekee fundi wa kuchomelea. Namheshimu fundi huyo kwa mageti na madirisha, lakini toazi limepata uimara wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani, na moto wa kuchomelea unaliharibu pale pale penye kidonda. Litapasuka tena pembeni ya kiungo. Mtafute fundi mwenye drili, atoboe kitundu kidogo mbele kidogo ya mahali ufa unapoishia, ili usiendelee kutembea, kisha alainishe kingo zake kwa tupa. Hiyo inanunua muda, haiponyi.

Na hakikisha hiyo mpya haifuati njia hiyohiyo. Nati ya juu isikazwe, toazi liyumbe likipigwa. Liinamishe kidogo kuelekea kwako, na mkono upite kwa kufagia, usiukate ukingo wima. Krashi nyingi makanisani zimepasuliwa na nati iliyokazwa na mtu mwenye nia njema aliyeona toazi "limelegea".

Chaina ya kununua iache kwa sasa. Lina sauti kali ya kuchana, na chini ya mabati yale mzee hatakaa hata geti la nje. Ila sauti fupi yenye vurugu unayoisikia mtandaoni, mara nyingi ni matoazi mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine kwenye stendi moja, na hayo unayo tayari. Krashi yako yenye ufa ikishatobolewa, iweke chini. Juu yake weka kipande cha juu cha haihati yenu ya zamani, kile kilichopinda. Hapa sasa kaza nati, kinyume cha nilivyokwambia, ongeza kidogo kidogo huku ukipiga, mpaka mlio uwe mfupi unavyotaka. Unakatika mara moja bila kubaki hewani, kwa hiyo hata paa lenu litauvumilia. Mjaribu kwenye mazoezi ya Jumamosi, na kwenye sebene utumie mara moja moja pale wimbo unapogeuka.